FREDERICK DOUGLASS: MTUMWA ALIYEJIKOMBOA KWA MANENO

Na Mwanachama, Kidato cha Tatu

Kabla hujauliza, wacha nijibu: ndiyo, hili ni gazeti la Chama cha Kiswahili, na ndiyo, nitaongea juu ya mtihani wa Kiingereza. Sababu ni hii. Katika karatasi ya pili ya Kiingereza kuna ufahamu, kuna dondoo kutoka kitabu teule na kuna shairi, na tunaulizwa mwandishi ametumia mbinu gani na mbinu hiyo inafanya kazi gani. Katika karatasi yetu ya Fasihi tunaulizwa mambo yale yale. Takriri ni takriri tu, iwe kwa Kiswahili ama kwa Kiingereza. Taabu ni kwamba wengi wetu tunazikariri tamathali za usemi kama orodha ya vitu vya dukani. Kuzitaja tunajua, lakini ukituuliza zinamfanya nini msikilizaji, tunaanza kuangalia dari.

Mimi naona dawa yake ni kusoma maisha ya mtu ambaye hakuzitumia mbinu hizi kutafuta alama. Alizitumia kutafuta uhuru wake na wa watu wake. Mtu huyo ni Frederick Douglass wa Marekani.

KUZALIWA KWAKE

Douglass alizaliwa katika wilaya ya Talbot, jimbo la Maryland, mwaka 1818. Siku yenyewe hakuijua mpaka kufa kwake, kwa maana watumwa hawakuambiwa siku zao za kuzaliwa. Baadaye alijichagulia Februari 14. Jina alilopewa na mamake lilikuwa refu kama barabara ya Mombasa: Frederick Augustus Washington Bailey. Mamake, Harriet Bailey, alikuwa mtumwa katika shamba la mbali, kwa hivyo mtoto alilelewa na nyanyake, Betsy Bailey. Mama alikuwa akitembea usiku maili nyingi kwa miguu ili alale kando ya mwanawe, na kabla ya jua kuchomoza awe amerudi shambani, asije akachapwa. Alifariki Frederick akiwa na umri wa miaka kama saba hivi. Babake alikuwa mzungu, na ilisemekana ndiye aliyekuwa bwana wao.

Mwaka 1826 alipelekwa katika mji wa Baltimore kuishi kwa Hugh Auld na mkewe Sophia. Bi. Sophia hakuwa amewahi kukaa na mtumwa, akaanza kumfundisha alfabeti kama vile mtu angemfundisha mtoto yeyote. Bwana alipojua, alikasirika ajabu. Alimkataza mkewe mbele ya mtoto, akamweleza kwamba mtumwa akijua kusoma ataharibika, hatafaa tena kuwa mtumwa.

Hebu simama hapo kidogo, msomaji. Bwana Auld alidhani anafunga mlango, kumbe ndiyo anaufungua. Kijana alifikiri hivi: ikiwa kusoma ndiko kunakomwogopesha bwana, basi kusoma ndiyo njia ya kutoka. Alichukua hoja ya mpinzani wake akaigeuza imtumikie yeye. Mbinu hii utaikuta katika hotuba zake zote za ukubwani, na alijifunza kwa mtu aliyekuwa akimnyima elimu!

KITABU CHA SENTI 50

Basi akaanza kujifunza kwa siri. Alipotumwa, aliweka kitabu na mkate mfukoni. Alimaliza kazi haraka, halafu akawatafuta watoto wa kizungu maskini waliokuwa na njaa, akawapa mkate nao wakamfundisha maneno. Kuandika alijifunzia penye viwanda vya meli. Maseremala walikuwa wakiandika herufi juu ya mbao kuonyesha kila ubao utakwenda upande gani wa meli, naye akaziiga kwa chaki ukutani. Sisi wa shule za kutwa, tunaotoka shule tukaenda kuteka maji na kulea wadogo wetu kabla ya kushika kitabu, tunamwelewa mtu huyu vizuri sana.

Alipokuwa na umri wa karibu miaka 12 alinunua kitabu kwa senti 50 alizojipatia mwenyewe. Kiliitwa The Columbian Orator, kilitungwa na mwalimu Caleb Bingham na kutolewa mara ya kwanza mwaka 1797. Kilikuwa kitabu cha shule cha kuwafundisha vijana kusema mbele za watu, na ndani yake mlikuwa na hotuba za watu mashuhuri na mazungumzo ya kuigiza. Mazungumzo mamoja yalikuwa kati ya bwana na mtumwa aliyetoroka akakamatwa. Bwana anatoa sababu zake, mtumwa anazijibu moja baada ya nyingine kwa heshima na akili, mpaka mwishowe bwana anashindwa na kumwachilia huru.

Fikiria mtoto mtumwa akisoma hayo kwa kujificha! Watoto wengine walikuwa na kitabu hicho hicho kwa sababu mwalimu aliwaagiza. Yeye alikisoma akitafuta jambo moja: mtumwa yule alisema nini hata bwana akakosa jibu? Swali hili ndilo hasa tunaloulizwa katika mtihani, ila sisi tunaliona kavu.

UMRI WA MIAKA 16

Uhuru haukuja kwa kusoma peke yake. Mwaka 1833 alirudishwa kijijini kwa Thomas Auld, ndugu yake Hugh, ambaye ndiye aliyekuwa bwana wake kisheria. Auld alimwona ana kichwa kigumu, kwa hivyo mwaka 1834 akamkodisha kwa mkulima aliyeitwa Edward Covey, mtu aliyejulikana kwa kuwavunja moyo watumwa wakaidi. Covey alimchapa karibu kila wiki kwa miezi sita. Kisha siku moja ya Agosti kijana akakataa kuchapwa. Walishikana mieleka karibu saa mbili nzima, na baada ya siku hiyo Covey hakumgusa tena. Alikuwa na umri wa miaka 16, rika la wengi wetu tunaosoma gazeti hili.

Habari za shamba la Covey ndizo zenye sehemu moja ya kifasihi iliyo nzuri kupita zote katika kitabu chake. Shamba lilikuwa karibu na ghuba ya Chesapeake. Jumapili alikuwa akisimama ufuoni akitazama matanga meupe ya meli yakipita, na katika kitabu anayasemesha matanga hayo kana kwamba yana masikio. Analinganisha hali yao na yake: wao wanakwenda watakako, yeye amefungwa, wao wanasukumwa na upepo, yeye anasukumwa na mjeledi. Hapo pana mbinu tatu kwa pamoja: ritifaa, kwa kuwa anakisemesha kisichoweza kumjibu; tashihisi, kwa kuwa meli zinapewa hali ya mtu; na ukinzani wa hali mbili. Lakini usiishie hapo. Kazi yake ni nini? Msomaji anauona upweke wa kijana asiye na binadamu hata mmoja wa kumweleza shida zake, mpaka anaiambia meli.

Karibu na hadithi ya mieleka ameweka sentensi moja mashuhuri ambayo nusu yake ya pili inachukua maneno ya nusu ya kwanza na kuyapindua, kama shati lililogeuzwa ndani nje. Nusu ya kwanza inahusu mtu kufanywa mtumwa, na ya pili inarudi kinyume chake. Umbo la sentensi linafanya lile tendo lenyewe linalosimuliwa.

KUTOROKA

Mwaka 1836 alijaribu kutoroka na wenzake, wakasalitiwa na kutiwa jela. Alirudishwa Baltimore, akajifunza kutia kalafati kwenye meli, lakini mshahara wake ulichukuliwa na bwana. Huko alipendana na Anna Murray, mwanamke mweusi aliyekuwa huru, ambaye alimsaidia kwa pesa zake. Tarehe 3 Septemba 1838 alivaa nguo za baharia, akashika karatasi za baharia mweusi aliye huru alizoazima, akapanda gari la moshi. Maelezo ya karatasi zile hayakufanana naye hata kidogo, lakini mkaguzi alizitazama juu juu tu. Kwa gari la moshi na vyombo vya majini alifika New York kabla ya saa 24 kwisha. Anna akamfuata, wakaoana tarehe 15 mwezi huo huo, wakahamia New Bedford, Massachusetts. Huko ndiko alikochukua jina la Douglass ili asitambulike.

Katika kitabu chake cha kwanza hakueleza alivyotoroka. Alikataa makusudi, kwa maana angeeleza, mabwana wangeiziba njia hiyo na watumwa wengine wangekwama. Alieleza wazi miaka mingi baadaye, utumwa ulipokuwa umekwisha. Yaani hata kunyamaza kwaweza kuwa uamuzi wa mwandishi. Msomaji wa mwaka 1845 aliachwa akijiuliza, na katika kujiuliza alitambua kwamba hatari bado ipo.

JUKWAANI

Mwezi wa Agosti 1841, katika kisiwa cha Nantucket, alisimama mara ya kwanza mbele ya mkutano mkubwa wa wapinga utumwa. Alitetemeka, lakini watu walisisimka. William Lloyd Garrison, kiongozi wa wapinga utumwa, alisimama baada yake akaitumia habari ile ile kuuchoma mkutano moto. Tangu hapo Douglass aliajiriwa kuzunguka akihutubia.

Ndipo likatokea jambo la ajabu. Alisema vizuri mno hata watu wakaanza kunong'ona kwamba huyu hajawahi kuwa mtumwa, ametudanganya. Wenzake wazungu walimshauri asimulie visa tu, mambo ya hoja awaachie wao, tena lugha yake ibaki na harufu kidogo ya shambani. Yeye alikataa. Mwaka 1845 alitoa kitabu cha maisha yake, akataja majina ya mabwana zake, mashamba na vijiji. Hapo hakuna aliyeweza kusema ni uongo, lakini pia bwana wake alijua sasa alipo na kisheria angeweza kumkamata. Ikabidi avuke bahari kwenda Ireland na Uingereza, alikohutubia karibu miaka miwili. Marafiki wa huko walichanga pauni 150, akanunuliwa uhuru wake mwaka 1846. Aliporudi alianzisha gazeti lake, The North Star, mjini Rochester mwaka 1847. Mwaka 1848 alihudhuria mkutano wa haki za wanawake huko Seneca Falls, akaunga mkono wanawake wapewe kura, jambo ambalo hata baadhi ya waliokuwa mkutanoni waliona limezidi.

HOTUBA YA JULAI 5

Sasa tufike kwenye kiini. Wamarekani husherehekea uhuru wao tarehe 4 Julai. Mwaka 1852 akina mama wapinga utumwa wa Rochester walimwalika Douglass kuhutubia katika ukumbi wa Corinthian. Alisema siku ya pili yake, tarehe 5. Hotuba hiyo ndiyo inayojulikana kwa swali lake juu ya maana ya Julai 4 kwa mtumwa. Tuichambue kama mtihani.

Kwanza, anaanza kwa kusifu. Anawasifu waasisi wa Marekani kwa ushujaa wao wa kuikataa serikali ya Mwingereza. Wasikilizaji wanatulia, wanaona huyu ni mwenzetu. Lakini sikiliza vizuri: kila mara anasema uhuru wenu, baba zenu, taifa lenu. Hasemi wetu. Kwa Kiswahili tofauti ni silabi moja tu, enu na etu, lakini katika silabi hiyo moja mna ukuta mzima. Mtu anaposema hivyo mara moja hutambui. Akirudia mara nyingi, unaanza kuona kuna aliyeachwa nje ya sherehe.

Pili, maswali ya balagha. Anauliza kama kweli anahitajika kuthibitisha kwamba mtumwa ni binadamu. Halafu, kwa kujifanya hatathibitisha, anathibitisha! Anaonyesha kwamba majimbo ya Kusini yana sheria za kumkataza mtumwa kufunzwa kusoma, wakati hakuna sheria ya aina hiyo inayowahusu wanyama wa shambani. Anataja kazi nyingi ambazo watu weusi wanafanya, kulima, kujenga, kuandika, kufundisha, moja baada ya nyingine bila kupumua. Msururu huo unamfanya msikilizaji aone haya kwamba swali lenyewe liliwahi kuulizwa.

Tatu, taswira. Anawapeleka wasikilizaji kwenye biashara ya kuuza watu ndani ya nchi yao wenyewe. Wanasikia minyororo, wanasikia mjeledi, wanamwona mama na mtoto mchanga. Anakumbuka jinsi alipokuwa mtoto Baltimore alivyoamshwa usiku wa manane na vishindo vya miguu ya watu waliofungwa wakipelekwa melini. Hapa hatumii hoja tena, anatumia masikio na macho.

Nne, kinaya na kejeli. Anaiweka sherehe yenye kengele na sala kando ya mnada wa watu, kisha anaacha vitu hivyo viwili vitazamane. Na mwisho, baada ya ukali wote huo, anamaliza kwa matumaini kwamba utumwa utakwisha. Mtu aliyekaripiwa tu hurudi nyumbani na hasira. Mtu aliyekaripiwa na kisha akaonyeshwa njia hurudi akiwa na kazi ya kufanya.

MANENO MATAMU NA UKWELI

Usidhani ninamwabudu mtu huyu. Katika kitabu chake cha 1845 alieleza kwa uchungu sana jinsi nyanyake, baada ya kuwazalia na kuwatumikia mabwana maisha yake yote, alivyotupwa katika kibanda msituni afe peke yake. Mwaka 1848 alimwandikia Thomas Auld barua ya wazi gazetini akirudia lawama hiyo. Ni maandishi ya kutoa machozi. Lakini baadaye akapata habari kwamba Auld alikuwa amemchukua mama mzee nyumbani kwake. Mwaka 1849 Douglass akaandika tena gazetini, akasema wazi kwamba katika jambo hilo alimwonea.

Mimi naona hapa ndipo somo kubwa lilipo. Mbinu zile zile zinazoweza kuutetea ukweli zinaweza pia kulisukuma jambo ambalo si kweli, na msomaji akilia hatajua tofauti. Ndiyo maana tunafunzwa kuzichambua. Si ajabu kwamba katika nchi yetu wakati wa kampeni watu wanapiga makofi kwa sababu sentensi imerudiwa mara tatu kwa sauti nzuri, wala hawaulizi pesa za barabara hiyo zitatoka wapi.

MIAKA YAKE YA MWISHO

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1861, Douglass alitumia kalamu na jukwaa kudai watu weusi waandikishwe jeshini. Mwaka 1863 wanawe wawili, Lewis na Charles, walijiunga na kikosi cha 54 cha Massachusetts, naye akaenda kumwona Rais Abraham Lincoln kudai askari weusi watendewe haki. Mwaka 1865 utumwa ulipigwa marufuku katika katiba ya Marekani. Baadaye alishika vyeo kadhaa vya serikali, na toka 1889 hadi 1891 alikuwa balozi wa Marekani huko Haiti. Anna alifariki mwaka 1882. Mwaka 1884 alimwoa Helen Pitts, mwanamke wa kizungu, na watu wa pande zote mbili wakamlaumu.

Mwaka 1877 alirudi Maryland kumwona Thomas Auld, aliyekuwa mgonjwa kitandani karibu na kufa. Mtu na bwana wake wa zamani walishikana mikono wakalia. Douglass mwenyewe alifariki tarehe 20 Februari 1895 nyumbani kwake mjini Washington, siku ambayo alikuwa ametoka kwenye mkutano wa haki za wanawake. Alizikwa Rochester. Alikuwa ameandika maisha yake mara tatu, mwaka 1845, 1855 na 1881.

TUTUMIE VIPI HAYA?

Wanachama wenzangu, mkikutana na swali la mbinu za lugha, iwe ni kwa Kiingereza ama kwa Kiswahili, jiulizeni mambo matatu. Mbinu inaitwaje? Iko wapi katika maandishi? Na bila mbinu hiyo, msikilizaji angepoteza nini? Swali la tatu ndilo linalotushinda, na ndilo ambalo Douglass alijiuliza tangu aliposhika kile kitabu cha senti 50. Jaribuni hivi: chukueni sentensi, mwondoe takriri ama swali la balagha, msome tena kwa sauti. Kilichopungua ndicho jibu lenu.

Na wale mnaosema Kiingereza ni adui wa Kiswahili, mimi sikubaliani nanyi. Douglass alijifunza lugha ya waliomfunga mpaka akaijua kuliko wao, kisha akaitumia kuwafungua watu wake. Sisi tuna lugha mbili za kufanyia kazi hiyo, tatu ukihesabu ya nyumbani. Wahenga walisema akili ni mali, na mali hii hakuna bwana awezaye kukunyang'anya ukishaipata.

Nawatakia nyote heri katika mitihani, hasa ndugu zetu wa Kidato cha Nne. Kiswahili kitukuzwe!